Barua ya Reno Ilivyotaka Kupandishwa Mlima



Tangu ulipojua kusoma na kuandika, hulazimiki tena kumpa mtu mwingine siri zako ili akuandikie. Unaandika barua yako mwenyewe. Unaitia katika bahasha, unaandika anwani, unabandika stempu, unaipeleka posta. Ni kweli kwamba siku hizi wengi wetu hupiga simu. Hata hivyo ziko karatasi ambazo haziwezi kupita katika simu.

Barua ikishatumbukizwa katika sanduku, haimo tena mikononi mwako. Inapita wapi? Nani anaamua njia yake? Na wakubwa wa posta wakitaka kuibadili njia hiyo, je, wananchi na madiwani wao wana la kusema?

Tutayajibu maswali hayo kwa kusoma habari ya kweli. Ilitokea mwaka 2024 katika mji wa Reno, nchini Marekani.

Reno ni wapi?

Marekani imegawanyika katika majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Jimbo limegawanyika katika kaunti, na kaunti unaweza kuifikiria kama wilaya. Ndani ya kaunti kuna miji yenye mabaraza ya madiwani.

Reno ni mji wa jimbo la Nevada, katika Kaunti ya Washoe. Watu wake ni zaidi ya 250,000. Nchi yake ni kavu. Upande wa magharibi kuna safu ndefu ya milima iitwayo Sierra Nevada. Ukiivuka milima hiyo unaingia jimbo jingine, jimbo la California, na ukiteremka unafika mji wa Sacramento. Kutoka Reno hadi Sacramento ni zaidi ya kilometa 200.

Shika vizuri picha hiyo, msomaji: Reno upande huu, Sacramento upande ule, na mlima katikati. Mambo yote ya somo hili yanatokana na mlima huo.

Kazi ya kuchambua barua

Watu wengi wanadhani barua hutoka posta moja ikaenda moja kwa moja mpaka posta nyingine. Sivyo. Barua zote za eneo moja hukusanywa kwanza katika jengo kubwa. Huko hupigwa muhuri wenye tarehe. Kisha huchambuliwa, yaani hutengwa kufuata mahali zinakokwenda: za kaskazini huku, za kusini kule, za hapa hapa mjini pale. Zamani makarani walichambua kwa mikono, wakisoma kila anwani na kuitupia barua katika tundu lake. Leo mashine husoma anwani na kuzitenga maelfu kwa saa. Baada ya hapo barua hupakiwa katika malori na ndege.

Jengo hilo tuliite kituo cha kuchambulia barua. Kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni barua zinazotoka, yaani zile ambazo watu wa eneo hilo wameziandika. Kazi ya pili ni barua zinazoingia, zile ambazo watu wa eneo hilo wameandikiwa. Usizichanganye kazi hizo mbili. Hata watu wa Reno walizichanganya mara nyingine katika mabishano yao.

Reno ilikuwa na kituo chake.

Shauri la posta

Shirika la Posta la Marekani ni mali ya umma, lakini gharama za kazi zake za kila siku hazilipwi kwa kodi. Hulipwa kwa fedha za stempu na ada za vifurushi. Sasa angalia hesabu. Mwaka 2001 posta hiyo ilibeba barua za kawaida zipatazo bilioni 103. Mwaka 2023 zilikuwa bilioni 46 tu. Maana yake ni kwamba mahali palipokuwa na barua 100, zimebaki chini ya 45. Watu wanatumiana habari kwa simu na kwa intaneti, na ankara wanazilipa huko huko. Katika mwaka wa fedha wa 2023 peke yake shirika lilipata hasara ya dola bilioni 6.5.

Mwezi Machi 2021 Postamasta Mkuu wa wakati huo, Louis DeJoy, alitangaza mpango wa miaka kumi. Sehemu moja ya mpango ilikuwa kukusanya kazi ya kuchambua barua katika vituo vikubwa vichache vya kanda, badala ya kuitawanya katika vituo vingi vidogo. Lori linalokwenda nusu tupu linakula mafuta sawasawa na lori lililojaa. Mashine isiyopata barua za kutosha hukaa bure, na mlinzi wake analipwa.

Mimi siwezi kuwalaumu kwa fikra hiyo. Mtu mwenye duka linalopata hasara kila mwaka lazima afikiri. Na posta haikuficha. Ilitangaza kwamba inachunguza vituo vipatavyo 60 nchi nzima, kimoja kikiwa cha Reno. Shauri la Reno lilikuwa hivi: barua zinazoingia zibaki kuchambuliwa Reno, lakini barua zinazotoka zipelekwe Sacramento. Posta ilisema kwamba barua nyingi za eneo lile zinakwenda mbali, nje ya eneo, kwa hiyo hazitapoteza kitu kwa kupitia Sacramento. Ilisema pia kwamba wafanyakazi wake wa kudumu hawatafukuzwa kazi.

Swali la mama mmoja

Nilipoisimulia habari hii katika darasa moja la kisomo, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alininyoshea mkono. Akauliza, "Mwalimu, na kama mimi niko Reno na dada yangu yuko Reno, barua yangu kwake itapita wapi?"

Nikamwambia, "Itapita Sacramento, mama."

Darasa zima likacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Barua ya Reno kwenda Reno ingepakiwa katika lori, ivuke mlima, ifike Sacramento, ipigwe muhuri na kuchambuliwa, kisha ipakiwe tena ivuke mlima ule ule kurudi. Fanya hesabu: kilometa 200 kwenda na kilometa 200 kurudi ni kilometa 400. Mwandishi na mwandikiwa huenda wanakaa mtaa mmoja.

Na mama yule aligusa penyewe. Katika orodha ya posta barua ya namna hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya barua zote. Lakini ndani ya sehemu hiyo ndogo kulikuwa na bahasha ambazo haziwezi kuchelewa. Tutazifikia.

Njia ya mlimani

Barabara kuu kutoka Reno hadi Sacramento inapanda hadi mahali paitwapo Donner, penye kimo cha zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa baridi theluji huanguka huko. Theluji ni maji yaliyoganda yaangukayo kama unga mweupe. Sisi tunaiona kwa mbali katika kilele cha Kilimanjaro. Kule huanguka juu ya barabara yenyewe, hurundikana kupita kimo cha mtu, na upepo huipeperusha hata dereva asione mbele ya gari lake.

Jina la Donner lina kisa chake. Mwaka 1846 kundi la wahamiaji waliokuwa wakienda California na magari ya kukokotwa na ng'ombe lilifika huko limechelewa. Theluji ikawafungia njia. Walikaa huko kipindi chote cha baridi bila chakula cha kutosha, na karibu nusu yao walikufa. Donner lilikuwa jina la ukoo mmoja katika kundi hilo. Watoto wa Nevada na California husoma kisa hicho shuleni, kwa hiyo mtu wa Reno akisikia kwamba barua yake itavuka Donner kila siku, hahitaji kuelezwa zaidi.

Leo barabara ni pana, na kuna mashine za kusukuma theluji. Bado dhoruba kubwa huifunga. Na ikatokea hivyo wakati ule ule wa mabishano! Mwezi Februari 2024 posta iliitisha mkutano wa hadhara Reno ili wananchi waseme mawazo yao. Wananchi wakaja, wakapinga. Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024, kabla posta haijatoa uamuzi, dhoruba kali ya theluji ikaipiga Sierra Nevada. Barabara ya Donner ikafungwa, na mwisho wa juma magari yakakaa. Lori la barua lisingepita kama yasivyopita malori mengine.

Kama ningekuwa diwani wa Reno, nadhani nisingehitaji hotuba. Ningeonyesha dirisha.

Bahasha za kura

Sasa tuzifikie zile bahasha.

Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021, jimbo la Nevada linampelekea kila mpiga kura karatasi ya kura kwa posta, isipokuwa yule aliyesema hataki. Mpiga kura hukaa nyumbani kwake, huweka alama, hutia karatasi katika bahasha, huweka sahihi yake juu, na akipenda huirudisha kwa posta. Kwa sheria iliyotumika mwaka 2024, kura iliyopigwa muhuri wa posta kufikia siku ya uchaguzi ilihesabiwa ikiwa imefika ofisini katika siku nne baada ya uchaguzi.

Uchaguzi Mkuu ulikuwa tarehe 5 Novemba 2024. Novemba ni mwezi ambao theluji huweza kuanguka milimani.

Unaona hatari? Mpiga kura wa Reno anaandikia ofisi ya uchaguzi iliyopo Reno. Hiyo ni barua inayotoka. Kwa hiyo ingevuka mlima kwenda na kurudi. Barabara ikifungwa siku mbili au tatu, kura inabaki upande wa pili wa mlima, na siku nne zinakwisha. Mpiga kura hakukosea. Ameweka alama vizuri, ameweka sahihi, amepeleka kwa wakati. Ila kura yake haihesabiwi.

Francisco Aguilar, msimamizi mkuu wa uchaguzi katika jimbo lile, alilisema jambo hilo waziwazi, kwamba maelfu ya watu wangeweza kupoteza haki yao. Wala maelfu si jambo dogo huko. Mwaka 2022 Seneta Catherine Cortez Masto wa Nevada alichaguliwa tena kwa kumshinda mpinzani wake kwa kura 7,928 tu katika jimbo zima.

Madiwani hawana amri

Hapa ndipo penye fundisho la siasa, msomaji, nami naomba usome polepole.

Posta ya Marekani ni chombo cha taifa. Baraza la mji haliwezi kuiamuru. Makamishna wa kaunti hawawezi kuiamuru. Hata gavana hawezi. Hakuna kura ya madiwani inayoweza kuzuia lori la posta lisiende Sacramento. Wanachoweza ni kusema: kuandika barua, kupitisha azimio, kuhudhuria mkutano wa hadhara, na kuwapelekea wabunge wa taifa hoja zilizo kamili. Azimio ni maneno ambayo baraza limekubaliana na kuyaandika. Ni karatasi. Haina polisi nyuma yake.

Basi viongozi wa mji wa Reno na wa Kaunti ya Washoe walipinga kwa njia hizo. Nguvu yao haikuwa katika kukasirika. Posta ilikuwa imezoea kukasirikiwa. Kila mji unaoambiwa utapoteza kituo hukasirika, na kila mmoja husema kwamba ajira zitapotea na barua zitachelewa. Wakubwa wa posta wana majibu ya hayo tayari. Lakini hoja za Reno zilikuwa za Reno tu: mlima huu, barabara hii, mwezi huu, kura hizi, siku nne hizi. Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya vituo 60.

Tena hawakugawanyika kwa vyama. Marekani ina vyama vikubwa viwili ambavyo siku hizi hukubaliana mara chache. Katika jambo hili Gavana Joe Lombardo na mbunge Mark Amodei, wa chama cha Republican, walisimama upande mmoja na maseneta wawili wa Nevada, Jacky Rosen na Catherine Cortez Masto, wa chama cha Democratic. Kura isiyofika huweza kuwa ya mtu yeyote.

Aprili, Mei, Agosti

Mwezi Aprili 2024 posta ilitangaza kwamba itaendelea na mpango wake: barua za Reno ziende Sacramento. Mkutano wa hadhara ulikuwa umefanyika, dhoruba ilikuwa imepita, na uamuzi ukawa ule ule. Pengine mtu mwingine angekata tamaa hapo.

Mwezi huo huo Postamasta Mkuu DeJoy alifika mbele ya kamati ya Seneti. Seneta Rosen alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, akambana kwa maswali juu ya Reno. Siku hiyo pia Seneta Jon Ossoff wa jimbo la Georgia alieleza yaliyotokea kwao. Karibu na mji wa Atlanta kituo kikubwa kipya cha kanda kilikuwa kimeanza kazi Februari 2024. Ossoff alisema kwamba tangu kituo hicho kianze, barua 36 tu katika kila 100 zilikuwa zinafika kwa wakati. Kwa hiyo watu wa Reno hawakuwa wakiogopa kivuli. Palikuwa na mahali pa kutazama.

Mwezi Mei 2024 DeJoy alimwandikia mwenyekiti wa kamati ile, Seneta Gary Peters, kwamba anasimamisha mabadiliko ya vituo mpaka angalau tarehe 1 Januari 2025. Uchaguzi wa Novemba ukawa umeokoka. Mlima, hata hivyo, ulikuwa pale pale, na Januari kuna theluji kuliko Novemba. Kusimamisha si kufuta. Viongozi wa Nevada wakaendelea kupiga kelele.

Mwezi Agosti 2024 posta ikatangaza kwamba kazi ya kuchambua barua za Reno itabaki Reno.

Si kila mji ulishinda

Ningekudanganya kama ningeishia hapo. Katika jimbo la Oregon, barua zinazotoka katika miji ya Eugene na Medford zilihamishiwa Portland mwaka 2024, ingawa wabunge wa jimbo hilo walilalamika. Kutoka Medford hadi Portland ni zaidi ya kilometa 400. Watu wa Medford nao wana madiwani, nao wanajua kuandika barua. Zamani kidogo, mwaka 2012 na 2013, vituo zaidi ya 100 viliunganishwa na vingine katika nchi nzima, na miji mingi ilipinga bure.

Na ile hasara ya posta haikuondoka kwa sababu Reno imebaki na kituo chake. DeJoy aliacha kazi mwezi Machi 2025, na aliyemfuata alikuta vitabu vile vile vya hesabu. Barua zinaendelea kupungua. Mtu wa Reno anayetaka kituo kibaki anataka pia kulipa stempu kwa bei nafuu, na mambo hayo mawili yanavutana. Sijaona mtu aliyeyapatanisha vizuri.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Barua zinazotoka na barua zinazoingia zina tofauti gani? Kwa nini tofauti hiyo ilikuwa muhimu kwa kura za watu wa Reno?

2. Posta ilikuwa na sababu gani za kutaka kupeleka kazi Sacramento? Mtu mmoja asimame aitetee posta mbele ya darasa, hata kama haipendi hoja yake.

3. Baraza la madiwani halikuweza kuiamuru posta. Lingeweza kufanya nini?

4. Mei 2024 mpango ulisimamishwa. Kwa nini viongozi wa Nevada hawakunyamaza?

ZOEZI LA HESABU

Lori linatoka Reno saa 12 jioni kwenda Sacramento. Safari ni saa 3 barabara ikiwa wazi. Barua zinachambuliwa kwa saa 5, kisha lori linarudi Reno kwa saa 3. Barua zitafika Reno saa ngapi? Je, barabara ikifungwa kwa siku 2 wakati lori liko Sacramento, zitafika lini?

ZOEZI LA KUANDIKA

Fikiri juu ya huduma moja iliyo karibu na kijiji chenu: zahanati, mashine ya kusaga, kivuko, au posta. Wakubwa wanataka kuihamishia mbali. Mwandikie diwani wako barua ya mistari kumi. Usiandike "hatutaki" zaidi ya mara moja. Katika mistari iliyobaki taja umbali, miezi ya mvua, idadi ya watu, na siku ambazo njia haipitiki. Msomee mwenzako barua hiyo kabla ya kuitia katika bahasha.